Samaki Asiyevuliwa Ni wa Nani?

Wavuvi wa dagaa katika Ziwa Tanganyika wanayo sheria moja ya kale ambayo haikutungwa na bunge lolote. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa: zamani kwa moto wa kuni, baadaye kwa karabai, na siku hizi kwa taa zilizotiwa nguvu ya jua. Mwanga huwaita dagaa kutoka kilindini, nao wavu huwainua. Lakini mwezi ukiwa mpevu nuru yake hutanda juu ya maji yote, na taa ya mvuvi haina nguvu tena. Basi siku hizo mitumbwi hulala mchangani, watu hushona nyavu, hulipana madeni, na hukaa na watoto wao. Kila mwezi ziwa hufungwa kwa siku kadhaa, wala hakuna askari hata mmoja alindaye mlango wake, wala hakuna mtu auitaye mwezi dhalimu.

Mwaka 2024 Tanzania ilifunga shughuli za uvuvi katika ziwa hilo kwa miezi mitatu, tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti. Haikufanya hivyo kwa shauri lake peke yake. Ziwa Tanganyika ni la nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia; nazo zilipatana kulipumzisha, ili samaki wapate kuzaa na wachanga wapate kukua. Walikuwapo walioipokea amri hiyo kwa moyo mweupe, na walikuwapo walionung'unika. Mwezi ukifunga ziwa, watu hunyamaza. Serikali ikilifunga, watu huuliza: kwa haki gani?

Swali hilo, wasomaji wapenzi, si la wavuvi wa Kigoma peke yao. Kila mtu alaye samaki linamgusa. Nasi twaona halijibiki vema pasipo kujibu kwanza swali jingine lililo chini yake: samaki aliye bado majini, ambaye hajaguswa na wavu wa mtu, ni wa nani?

Jibu la kwanza ni la siku nyingi. Wanasheria wa Roma ya kale walifundisha kwamba samaki wa baharini, kama ndege wa angani, hana mwenyewe. Amnasaye ndiye mwenye mali. Jibu hili lina ukweli wake, maana jasho ni haki. Mtu aliyekesha juu ya mawimbi usiku kucha, akarudi alfajiri mikono ikimwuma, nani atathubutu kumwambia samaki hao si wake?

Walakini jibu hilo lilifaa watu walipokuwa wachache na nyavu zao fupi. Ambaye huchota kwa kata hawezi kumaliza kisima. Lakini wakija watu mia wenye mapipa, kila mmoja hutazama pipa la jirani yake badala ya kukitazama kisima. Hapo huzaliwa neno ambalo limeharibu maji mengi ulimwenguni: “Nisipovua mimi, atavua mwingine.” Neno hili lina sumu kwa sababu mara nyingi ni kweli. Mvuvi mmoja aliyerudisha samaki wachanga majini hana hakika kwamba jirani yake hatawachukua kesho. Hivyo kila mmoja hufanya lionekanalo kuwa la akili, na wote pamoja hufanya upumbavu. Wahenga walisema, chovya chovya yamaliza buyu la asali.

Tuna mfano wa jambo hilo, nao si wa watu wasiosoma wala wa nchi maskini. Katika bahari ya Newfoundland, nchini Kanada, watu walivua samaki aina ya chewa kwa karne nyingi, hata wakaamini kwamba hawezi kwisha. Kisha zikaja meli kubwa za mataifa mbalimbali, zenye nyavu za kukokota na mitambo ya kugandisha samaki humo humo melini. Mwaka 1968 zilivuliwa tani zipatazo 810,000. Baadaye Kanada iliziondoa meli za kigeni, lakini ikaziacha meli zake yenyewe kuvua kupita kiasi. Wavuvi wadogo wa pwani walilalamika katika miaka ya 1980 kwamba samaki wamekuwa wachache na wadogo, wala hawakusikilizwa vya kutosha. Tarehe 2 Julai 1992 serikali ilifunga uvuvi huo. Watu wapatao 30,000 walipoteza kazi. Waliambiwa ni kwa miaka miwili. Zuio lile halikuondolewa mpaka mwaka 2024, yaani baada ya miaka 32, na samaki walikuwa bado hawajarudia wingi wao wa zamani. Hao ndio waliokataa kupumzika kwa miezi, wakalazimishwa kupumzika kwa umri mzima wa mtu.

Basi jibu la kwanza halitoshi. Wengine hukimbilia la pili, wakisema: samaki ni mali ya serikali, nayo yaweza kufanya nayo ipendavyo. Na hili pia twalikataa. Serikali haikuumba ziwa, wala haikuzaa samaki hata mmoja. Imepewa ulinzi, haikupewa umiliki. Na mlinzi wa shamba akianza kujiona mwenye shamba, hapo mwizi amepata mwenzake. Serikali iaminiyo kwamba samaki ni wake itawauzia wenye fedha kibali cha kuvua chochote, na kumnyang'anya mwenye mtumbwi wavu wake, na yote mawili itayaita sheria.

Sisi twasema hivi: samaki aliye majini ni mali ya wote, nao wote si sisi tulio hai tu. Ni pamoja na mtoto atakayezaliwa Ujiji miaka ishirini ijayo, na mwenziwe wa Uvira, na wa Rumonge, na wa Mpulungu. Mvuvi anayo haki ya mavuno. Hana haki ya mbegu. Atwaaye dagaa wazima wa kutosha hula riba. Atwaaye wachanga kwa kokoro lisugualo mazalio yao anakula mtaji, na mtaji huo si wake peke yake. Ndiyo maana kuvua kwa kokoro si kosa la askari na kibali tu. Ni kosa la haki, kama kuhamisha mpaka wa shamba la yatima. Nalo hubaki kosa hata usiku ambao mashua ya doria haikupita.

Lakini tukisimama hapo tutakuwa tumesema nusu tu, tena nusu iliyo rahisi kwa mtu mwenye mshahara. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Miezi mitatu kwetu sisi tununuao samaki sokoni ni kubadili mboga. Kwa mama aanikaye dagaa katika mwalo wa Kibirizi ni karo ya mtoto, ni kodi ya chumba, ni dawa. Kwa kijana avutaye wavu katika mtumbwi usio wake, asiye na shamba wala akiba, ni jungu lisilo na kitu. Je, amri imwambiayo mtu huyo akae bure ni ya haki?

Thomas wa Akwino, mwanafalsafa wa karne ya 13, alifundisha kwamba sheria ni agizo la akili kwa ajili ya manufaa ya wote, litolewalo na yule aliyekabidhiwa ulinzi wa jamii, na kutangazwa. Akaongeza kwamba sheria yaweza kukosa haki hata ikiwa lengo lake ni jema, endapo mzigo wake umegawanywa isivyo sawa. Maneno haya yafaa kupimia kufungwa kwa ziwa. Lengo lake ni jema. Hilo hatuna shaka nalo. Linalobaki ni mzigo: nani anaubeba?

Kuna jambo ambalo wachache hulitaja. Mwaka 2016 wataalamu waliochunguza matope ya chini ya Ziwa Tanganyika walitangaza kwamba samaki walianza kupungua kabla uvuvi mkubwa wa biashara haujaanza katikati ya karne ya 20. Maji yanazidi kupata joto. Maji yenye joto yaliyo juu hayachanganyiki vema na yale ya chini yaliyo baridi. Basi chakula kilicho kilindini hakipandi juu kama zamani, na dagaa hukosa malisho. Joto hilo halikuletwa na karabai za Kigoma. Limeletwa zaidi na moshi wa viwanda na magari ya mataifa tajiri. Hii haimpi mvuvi ruhusa ya kumaliza samaki waliosalia; bali yampasa awahurumie zaidi, kama mtu mwenye ng'ombe wachache wakati wa ukame. Lakini yaonyesha kwamba anayetakiwa kulipa deni lote siye aliyelikopa lote.

Kwa hiyo twasema kwamba atakaye kufunga ziwa kwa haki yampasa mambo matatu. Kwanza, awasikilize wavuvi kabla ya kuandika amri, si baada yake. Miongozo ya kulinda uvuvi mdogo, ambayo mataifa yaliipitisha katika Shirika la Chakula na Kilimo mwaka 2014, yataka hivyo hivyo. Na Newfoundland yatufundisha kwamba mara nyingine mwenye mtumbwi huona kabla ya mwenye vitabu. Pili, sheria iwe moja kwa wote. Ikimkamata mwenye ngalawa na kumpita mwenye injini kumi, au ikishika upande mmoja wa ziwa na kulegea upande mwingine, samaki wasiojua mipaka watavuliwa ng'ambo, na mtiifu ataonekana mjinga. Tatu, jamii ifaidiyo isaidie kubeba. Serikali ya Kanada iliwalipa posho wavuvi wake waliokosa kazi. Nchi zetu hazina hazina kama ile. Lakini kuna mikopo yenye masharti nafuu, kuna ufugaji wa samaki, kuna kuahirisha ushuru na madeni, na kuna vyama vya ushirika vya kuweka akiba tangu miezi ya neema. Kumwambia mtu afunge mdomo kwa faida yetu, kisha tusimwulize alikula nini, si uhifadhi, ni ubahili.

Mtu ataniuliza: na mwenye njaa kweli kweli, atafanyaje? Mwalimu yule yule alifundisha kwamba katika dhiki ya kufa na kupona vitu vya lazima huwa ni vya wote, naye atwaaye cha kumponya mwanawe si mwizi. Twalikubali. Mjane atupaye ndoana moja ili watoto wasilale njaa, hatutamhukumu. Na sheria yenye busara humwachia mlango. Lakini ole wake tajiri ajifichaye nyuma ya ukanda wa mjane huyo! Anayepeleka mitumbwi mitano usiku wakati wa kufungwa, akauze kwa bei iliyopanda kwa sababu wenzake wametii, huyo hana njaa. Anakula utii wa maskini. Nasi tununuao dagaa hao wa magendo, tukijua wametoka wapi, twala naye katika sahani moja.

Turudi, basi, kwa mwezi wetu mpevu. Watu huutii kwa sababu huwaangaza wote sawa, mwenye mtumbwi mmoja na mwenye ishirini. Kwa sababu hauchukui rushwa. Na kwa sababu wamejifunza kujiwekea akiba ya siku zake. Watawala wetu wakitunga sheria ifananayo na mwezi, wataona kwamba hawahitaji askari wengi. Na wavuvi, kama waliweza kwa vizazi vingi kuutii mwanga wa mbinguni usiojua majina yao, hawatashindwa kumngojea samaki kwa ajili ya wajukuu ambao wao wenyewe watawapa majina.