Ila ya Kizuri

Wahenga walisema kizuri hakikosi ila. Wengi wetu tunausikia msemo huo kama faraja: kila chema kina doa lake mahali fulani, na busara ni kulivumilia doa kwa ajili ya uzuri. Lakini je, ila ni doa lililokaa pembeni, ambalo fundi makini zaidi angeweza kulifuta? Au ni uzuri uleule, uliofikishwa mahali pasipouhitaji? Mfano ninaouona kuwa bora wa kulijibu swali hili ni wa gari moja la Italia, lililoletwa Kenya kushindana katika Safari Rally.

Gari hilo ni Lancia Stratos. Umbo lake lilichorwa na Marcello Gandini wa Bertone, na lilikuwa fupi kwa kimo kiasi kwamba mtu mzima akisimama kando yake aliliona paa likiwa chini ya kifua chake. Kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma ni sentimita 218 tu. Injini yake, ya silinda 6 na lita 2.4, ilitoka kwa Ferrari Dino, ikawekwa mgongoni mwa dereva, mbele ya ekseli ya nyuma. Ukiliona ungedhani ni la kutembezea lami mbele ya mahoteli ya kifahari. Kumbe liliundwa kwa ajili ya rali tangu mstari wa kwanza wa mchoro, wakati ambapo washindani wake wengi walikuwa magari ya dukani yaliyoimarishwa. Lilitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1974, 1975 na 1976.

Kwa nini injini ikae katikati? Mfikirie mchukuzi wa maji aliyebeba mzegamzega, ndoo moja huku na nyingine kule. Akitaka kugeuka ghafla, ndoo zinamkatalia, kwa kuwa uzito uko mbali na mwili wake. Aliyejitwika ndoo kichwani hugeuka papo hapo. Ndivyo lilivyo gari ambalo uzito wake umekusanywa katikati: dereva akigusa usukani, pua inaitika mara moja. Lakini mzegamzega unaochelewesha kugeuka ndio huohuo unaozuia kuzungushwa. Gari lililo jepesi kugeuka kwa hiari ya dereva ni jepesi pia kugeuka bila hiari yake. Likianza kuteleza, muda wa kulirudisha ni mfupi mno.

Katika kona za milimani za rali ya Monte Carlo, wepesi huo ulikuwa neema. Dereva Sandro Munari alishinda huko na Stratos miaka mitatu mfululizo, 1975 hadi 1977. Safari ilitaka kitu kingine. Iliendeshwa msimu wa Pasaka, masika yakibisha hodi, kwa maelfu ya kilomita za vumbi, matope, makorongo na barabara ndefu zilizonyooka, zenye matuta madogomadogo yanayotikisa kila nati. Hapo hazina ya dereva ni gari linaloshika njia yake hata likirushwa huku na huku. Mwaka 1975 Munari alimaliza wa pili, na Björn Waldegård, katika Stratos jingine, wa tatu. Aliyewatangulia ni Ove Andersson katika Peugeot 504, gari la milango minne lenye injini mbele, la aina iliyokuwa ikibeba familia na abiria katika nchi hizihizi. Mwaka 1977 Munari alirudi akawa wa tatu. Stratos halikushinda Safari kamwe, na mpaka leo hakuna gari lenye injini katikati lililowahi kuishinda.

Yupo atakayesema ulikuwa upumbavu kulileta gari la namna ile porini. Simuungi mkono. Kumaliza wa pili katika mbio ambazo magari mengi hayakuuona hata mwisho si matunda ya upumbavu. Yupo pia atakayesema ni bahati mbaya tu. Naye simuungi mkono, kwa sababu barabara haikuliondolea Stratos sifa yake yoyote. Iliidai sifa ileile ilipe gharama yake.

Wahandisi wa Peugeot walilielewa hilo. Gari lao la 205 Turbo 16 lilikuwa na injini katikati, nalo lilishinda mbio za Paris–Dakar mwaka 1987 na 1988. Ila kabla ya kulipeleka jangwani walilirefusha. Walitoa sehemu ya wepesi wa kugeuka, wakapata utulivu na nafasi ya mafuta. Ushindi ule ulinunuliwa kwa sehemu ya kipaji.

Siku hizi Lamborghini wameunda Huracán Sterrato, gari la injini katikati lililoinuliwa milimita 44 ili liweze kukanyaga vumbi. Yametengenezwa 1,499 tu. Atakayelinunua akalifungia gereji, akilifuta vumbi lisilotoka barabarani, atakuwa na gari lisilo na ila yoyote. Lakini hatajua pia uzuri wake ni upi, maana vyote viwili hujulikana kwa pamoja, na barabara ndiyo inayovitaja. Hii ndiyo maana ninayoiona katika ile nafasi ya pili ya 1975: ilisema kweli ambayo mataji matatu ya dunia yasingeweza kuisema.

Nasi tunapimana hivyo kila siku. Mtoto mbishi nyumbani huenda akawa wakili asiyetishika, na karani anayechosha ofisi nzima kwa kuuliza kila shilingi ndiye atakayeinusuru siku ya ukaguzi. Tukimkuta mtu amekwama, hukimbilia kumnyoosha, kana kwamba kasoro yake imebandikwa juu ya ngozi. Pengine ni njia tu imebadilika. Kumrekebisha si kosa. Peugeot walirekebisha wakashinda. Ila walijua wanatoa nini ili wapate nini. Basi nawe, kabla hujaing'oa kasoro ya mwanao, ya mwenzako au yako mwenyewe, chunguza kwanza mzizi wake umeshikana na kipaji gani, kisha uamue kama uko tayari kukikosa.