Usimguse, Lakini Usiondoke

Nina swali ambalo limenisumbua tangu mwaka jana: kumwacha mtu peke yake ni kumpenda au ni kumtupa? Sisi tunaofanya kazi na vijana hapa kambini tumezoea kusaidia. Ukikaa bila kufanya kitu, unaonekana mvivu. Lakini kuna msaada unaovunja, na aliyenifundisha hilo ni buibui.

Kijana mmoja wa kikundi chetu, mwenye miaka 16, alimkuta wakati tunachimba udongo wa matofali hapa Nyarugusu. Buibui mnene, wa kahawia, mwenye manyoya, ukimweka kiganjani anakijaza. Sikushauri ujaribu, maana huuma, na maumivu yake si mchezo. Ni wa ile jamii ambayo watu wa nje huiita tarantula, na wengine huwafuga nyumbani kama sisi tunavyofuga paka. Kijana akamtia kwenye ndoo ndogo ya rangi, akaweka udongo, akatoboa kifuniko kwa msumari wa moto. Akampa jina la Mwami. Akawa anamlisha panzi na mende.

Mwezi wa saba Mwami akaacha kula. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tumbo likawa jeusi, kutembea kukawa kwa shida. Asubuhi moja kijana akaja mbio: "Kaka, Mwami amekufa."

Nikaenda. Kweli, amelala chali juu ya utando aliojitandikia mwenyewe, miguu imetanuka, hatikisiki. Watoto wakasema tumpe kuku. Mimi nikainama, nikaona ngozi imepasuka ubavuni na mguu mmoja unatetemeka kidogo. Kumbe yuko hai! Nikadhani amekwama. Nikachukua vijiti viwili, nikavuta. Mguu ukakatika.

"Usimuguse!" kijana akapiga kelele, akanisukuma mkono. "Mwache, kaka! Unamuumiza!"

Nilikaa pale na vijiti vyangu mkononi kama mwizi. Saa kadhaa baadaye Mwami akatoka mwenyewe, na miguu saba.

Jioni nikatumia bando langu kusoma. Buibui hana mifupa ndani, gamba lake la nje ndilo linalombeba, na gamba hilo halikui. Akitaka kukua lazima alivue, kama nyoka. Kwanza anakataa chakula, siku nyingi, hata miezi. Kisha analala chali, anasukuma maji ya mwili wake mpaka gamba la zamani lifunguke, halafu anachomoa mguu mmoja mmoja kama mtu anayevua glavu. Anavua hadi meno yake na utando wa ndani wa tumbo. Akishatoka, mwili ni laini kabisa na meno ni meupe, hayawezi kuuma kitu. Siku zile hata panzi anaweza kumla yeye. Ndiyo maana anayemfuga anatakiwa kutoa panzi wote ndani, kuweka maji kidogo, kutomlisha mpaka meno yawe meusi tena, na kutomgusa.

Jambo moja lilinishtua zaidi. Buibui anayejivua gamba hulala chali, na watu wengi hudhani amekufa. Lakini anayekufa kweli, mara nyingi huwa amesimama vilevile, ila miguu imejikunja chini ya tumbo. Yaani tunamkimbilia anayekua, na anayekufa tunampita kwa sababu tumbo lake bado linatazama chini kama kawaida.

Hapo nikamfikiria yule kijana mwenyewe. Mwezi wa tano dada yake mkubwa, aliyemlea tangu Fizi, aliondoka na wanawe kwenda Marekani. Kijana alikuwa kwenye faili lingine, akabaki. Akaacha mpira. Akaacha kuongea. Mimi nikaanza kuvuta. Kila siku: "Una shida gani? Sema!" Nikamsimamisha mbele ya wenzake atoe ushuhuda wake. Nikampeleka kwenye semina mbili. Nilidhani amekwama, na nilikuwa na vijiti vyangu.

Najua utaniuliza: je, wale waliojiua? Hawakuachwa hivyohivyo peke yao? Swali hilo ni la haki, na hapa kambini hatulisemi kwa sauti. Sitaki mtu achukue maneno yangu akaenda kulala. Ndiyo maana nasema lazima tujifunze alama. Tuwatazame pia wale wanaosimama vizuri, wanaosalimia, wanaosaini mahudhurio, kumbe wamejikunja ndani. Ukiona mtu anaaga, anagawa vitu vyake, anasema hana haja ya kesho, hapo usisubiri. Kaa naye, muulize waziwazi, tafuta wa kumsaidia siku hiyohiyo.

Lakini aliye katika kubadilika anahitaji kitu kingine, na si kuondokewa. Kumtelekeza ni kufunga kifuniko ukaenda zako. Kumwacha ni kutoa panzi, kuweka maji, na kukaa karibu ukijua mikono yako iko wapi. Kwangu panzi walikuwa wale vijana waliomcheka kwamba dada yake amemsahau. Nikaongea nao, wakanyamaza. Maji yalikuwa kufika kwao jioni, kukaa kwenye mkeka, kuongea na bibi yake habari za mvua, na kwenda bila kumuuliza chochote. Ni kazi ngumu kuliko semina. Huwezi hata kuiandika kwenye ripoti.

Wiki ya tano au ya sita, nikiwa nainuka, akasema, "Kaka, kesho utakuja?" Basi. Hakuniambia mengine, na hadi leo sijui yote.

Mwami alijivua tena baada ya miezi kadhaa. Safari hii tulikaa wawili, mikono magotini. Akatoka na miguu minane, ule mmoja mwembamba na mfupi kuliko mingine, lakini anaukanyagia. Nilifurahi, ila sikujisamehe kwa sababu hiyo. Mguu kuota tena hakunifanyi niwe sikuukata.

Kijana akamtazama muda mrefu, akauliza, "Akikua tena, hii ndoo itamutosha?"

Sikuwa na jibu. Jumamosi tulimrudisha kule tulikochimba udongo. Alikaa kidogo mdomoni mwa shimo, kisha akaingia. Kijana alirudi na ndoo tupu, na njiani aliongea yeye.