Ukarimu ni wa Nyumba Nzima

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Wahenga walikwishaamua kwamba ukarimu haupimwi kwa ukubwa wa kitolewacho. Aristotle, aliyeandika Ugiriki zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alifikia hukumu iyo hiyo: mwenye kidogo akitoa katika kidogo chake anaweza kuwa mkarimu kumshinda tajiri atoaye kingi. Limebaki swali moja, nalo hutukabili kila tunapomzika mtu aliyeishi miaka mingi akiwafaa watu. Moyo ule uliokuwa ukitoa, ulikuwa wake peke yake?

Ninayemfikiria ni mzee mmoja wa Ngamiani, Tanga, seremala, aliyefariki akiwa amevuka miaka 80. Jeneza la msikiti lilipolegea, alilikaza bila kuitwa. Kijana aliyekuwa akizurura alikaribishwa karakanani, akapewa randa na kufundishwa kuisukuma kwa kufuata nyuzi za mbao, maana ukienda kinyume mbao huchanika. Akishaweza kutengeneza kitanda kisicholia, aliruhusiwa kwenda kujitegemea na kukabidhiwa msumeno wa kuanzia maisha. Maimonides, mwanazuoni wa Kiyahudi wa karne ya 12, alizipanga sadaka katika ngazi 8, na ya juu kabisa ni kumwinua mtu kwa mkopo, ubia au kazi ili asihitaji tena kuomba. Mzee wetu hakuwahi kumsoma Maimonides, lakini ngazi hiyo aliifikia.

Msibani hayo yote yalitajwa. Wasifu ulisomwa kama kawaida: alikozaliwa, kazi aliyofanya, idadi ya watoto na wajukuu, kisha sifa. Siku ya arobaini, uani, wanawake wakichagua mchele, binti yake mkubwa alisema jambo ambalo wasifu haukuligusa: kwamba baba alikuwa akitoa, na mama akipunguza. Mwezi ambao ada ya mtoto wa jirani ililipwa, nyumbani dagaa walichukua nafasi ya nyama, na nguo mpya ya Idi ya mdogo wake ikangoja mwaka mwingine. Kila mchana mama aliongeza kibaba cha mchele juu ya kile cha watoto, kwa kuwa hakujua mumewe angerudi na nani. Binti hakusema hayo kwa kinyongo. Alitaka hesabu ya baba yake iwe sahihi.

Hesabu hiyo inazaa swali gumu la maadili. Je, mtu ana haki ya kutoa kilicho cha watoto wake? Wapo wasemao hana, na wana hoja: mafundisho ya dini zetu humtaka mtu aanze na walio chini ya mkono wake, na kumlisha mkeo na wanao nako ni sadaka. Wapo wanaojibu kwamba nyumba isiyojipunguzia hata kidogo kwa ajili ya mgeni huwalea watoto katika uchoyo, na urithi wa uchoyo ni mbaya kuliko sikukuu bila nguo mpya.

Mimi naona jibu limo katika ridhaa. Nyumba inayojua na kukubali inatoa. Nyumba inayopunguziwa bila kuulizwa inanyang'anywa, hata kama kilichochukuliwa kimekwenda kwa yatima. Anayeficha mshahara nyumbani ili asifiwe barazani anajinunulia sifa kwa pesa za watu wengine. Kwa mzee wetu, binti alikumbuka kwamba mama alikuwa akiulizwa. Alikumbuka pia kwamba zipo siku ambazo mama alikataa, na baba akanyamaza, akarudi kumwambia aliyeomba kwamba safari hii hana. Kukataa kule ndiko kunakozipa uzito siku zote alizokubali. Asiyeweza kusema hapana hajatoa kitu.

Hapa ndipo umri mrefu unapopata maana yake. Zawadi moja kubwa mtu yeyote anaweza kuitoa siku moyo wake umeamka. Tabia njema, kama Aristotle alivyofundisha, hujengwa kwa kurudia tendo mpaka liwe mazoea, na kurudia kunahitaji miaka. Ndani ya miaka hiyo bei za vitu hupanda, wajukuu huongezeka, macho hupungua nguvu na randa huwa nzito. Nyumba inayobaki wazi kupitia yote hayo imeridhia mara nyingi mno, na kila mara kuna mtu aliyelipa gharama bila kutajwa.

John Mbiti, mwanateolojia aliyezaliwa Kitui, Kenya, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1969 kwamba katika fikra za Kiafrika marehemu hubaki karibu nasi maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina, na wa mwisho wao akiondoka, naye huzama katika Zamani. Ni kweli kwa jina. Tendo lina njia zake. Uislamu unafundisha kwamba amali za mtu hukatika anapokufa isipokuwa mambo 3: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemwombea. La tatu latoka moja kwa moja nyumbani kwake, na mtoto huyo hawi mwema kwa kusikia sifa za baba. Huwa mwema kwa kuwa alikaa kwenye mkeka ule, akasogea kumpisha mgeni, na akamwona mama akiongeza kibaba bila kukunja uso.

Tunapowakumbuka wakarimu wetu, basi, tuwakumbuke kwa haki. Anayeandika wasifu wa marehemu aende kwanza uani, awaulize waliopika, waliofua na waliongoja zamu yao, kisha awataje kwa majina mbele ya watu. Na wewe unayesoma, kama una mzee wa namna hii aliye hai, usingoje msiba. Nenda kamshukuru leo, na shukrani hiyo umpe na mkewe.