Haki na Hisani

Mtu aliyezoea kudai, akikabidhiwa siku moja ufunguo wa ghala, huwa nani? Swali hili liliulizwa darasani kwangu na mwanafunzi mmoja aliyeamini, kama wengi wa rika lake waaminivyo, kwamba mpigania haki akiketi katika kiti cha serikali amekwisha kuviuza vita vyake. Nami zamani nilikuwa na mawazo hayo hayo. Kilichonigeuza si hoja ya mwanafalsafa, bali maisha ya mchuma pamba mmoja wa Marekani, mwanamke aliyeitwa Unita Blackwell.

Alizaliwa mwaka 1933 katika jimbo la Mississippi, na masomo yake ya utotoni yalikoma darasa la nane, kwani pamba haikuwangoja watoto wa watu weusi wahitimu. Mwaka 1964 vijana wa Kamati ya Wanafunzi iliyopigania haki za raia walifika Mayersville, kijiji chake kilicho kando ya Mto Mississippi, wakawahimiza watu wajiandikishe kupiga kura. Mwombaji alitakiwa aeleze maana ya kifungu cha katiba ya jimbo, na aliyeamua kama jibu latosha alikuwa karani mweupe. Unita alikwenda, akarudishwa, akaenda tena. Yeye na mumewe wakapoteza kazi ya shamba. Katika miaka iliyofuata alitiwa mbaroni zaidi ya mara 70.

Mwezi wa Agosti mwaka ule ule alikuwa miongoni mwa wajumbe 68 wa Chama cha Kidemokrasia cha Uhuru cha Mississippi waliokwenda Atlantic City kudai nafasi ya ujumbe wa jimbo lao, ambao wote ulikuwa wa watu weupe. Wakubwa wa chama cha taifa waliwapa viti 2. Wakavikataa. Nakiri kuwa kila nisomapo habari hii moyo wangu husimama upande wa waliokataa. Kukataa kuna uzuri wake: akataaye hurejea kwao mikono mitupu, lakini safi.

Sasa mtazame mwanamke huyo huyo mwaka 1976. Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya mwaka 1965 imekwisha kufungua mlango, na watu wa Mayersville wamemchagua kuwa meya wao, mwanamke mweusi wa kwanza kushika cheo hicho katika Mississippi. Atakishika mpaka mwaka 2001. Je, meya wa kijiji kisichofikia watu 1,000 hufanya nini? Hutafuta pesa za serikali kuu ili maji safi yafike majumbani, njia zitiwe lami, na wazee na walemavu wapate nyumba za kukaa. Hapana nyimbo kubwa zinazotungwa juu ya bomba la maji.

Lakini hapa ndipo palipo na ugumu ambao mwanafunzi wangu hakuuona. Kura yangu haipunguzi yako. Haki ya namna hiyo yaweza kudaiwa nzima nzima, na aipokeaye nusu amedhulumiwa. Bomba si hivyo. Lazima lipite njia moja kabla ya nyingine. Tuseme nyumba ni kumi na waombaji ni thelathini: meya atawatazama usoni ishirini, nao si maadui, bali jirani zake, labda wengine walilala naye sakafuni jela. Aliyevikataa viti viwili sasa ndiye awaambiaye wengine wangoje.

Tena iko hatari nyingine, ya siri zaidi. Maji yakitoka, watu humshukuru meya. Shukrani ni adabu njema, wala sitaki kuibeza. Ila katika utawala huzaa deni, na deni hulipwa kwa kura. Kidogo kidogo haki hugeuka kuwa hisani, na yule aliyedai kwa niaba ya wote huonekana, hata machoni pake mwenyewe, kuwa ndiye agawaye kwa wema wake. Wakombozi wengi wamepotelea hapo bila ya kuwa waovu. Walikubali tu kushukuriwa mno.

Sidai kuwa Unita hakuonja utamu huo. Robo ya karne ni muda mrefu. Lakini jambo moja hunifanya nimheshimu kuliko kukamatwa kwake kote. Mwaka 1983, umri wake ukiwa miaka 50, alipata shahada ya pili ya mipango ya kanda katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, yeye aliyekomea darasa la nane. Angeweza kutawala kwa sifa za jela peke yake, na nani angethubutu kumhoji? Alama za pingu, hata hivyo, hazimfundishi mtu kupima mteremko wa mtaro. Alikiri, kwa kitendo si kwa maneno, kwamba ushujaa wa jana haumtoshi mtawala wa leo.

Nilipoyaeleza hayo darasani, mwanafunzi wangu hakuridhika. Aliuliza: yule ambaye nyumba yake iliandikwa ya mwisho katika orodha, naye alimwona Unita kuwa nani, mwenzake au karani mwingine tu? Kengele ililia kabla sijamjibu. Juma lililofuata aliniuliza tena.