Haya ya Wapishanao

Barabara ni mkataba baina ya watu wasiojuana, na sehemu kubwa ya mkataba huo haikuandikwa katika sheria yoyote, bali husomwa katika nyuso. Huko California, penye njia panda iliyowekewa alama ya kusimama pande zote, sheria yaamuru kwamba aliyetangulia kufika ndiye atanguliaye kupita, na wakifika sawia, wa kushoto ampishe wa kulia. Lakini madereva wenyewe hujisogeza kidogo kidogo, hutazamana, mmoja akainua kiganja, mwingine akapita. Mwaka 2009 gari la majaribio la Google, lijiendeshalo lenyewe na lililofunzwa kungoja hata wengine wote wasimame kabisa, lilikwama katika njia panda ya namna hiyo, kwani hakuna aliyesimama kabisa. Ikawabidi wahandisi walifunze nalo kujisogeza, ili nia yake ipate kuonekana.

Nia yaweza kufunzwa, haya je? Kinachomzuia dereva asimdhulumu mwenziwe, aghalabu, si askari wa usalama barabarani, ambaye mara nyingi hayupo, bali ni lile jicho litakalomtazama kutoka gari la pili. Na mbele ya chombo kisichokasirika, kilichoamriwa kujizuia kila akatizapo mtu, jicho hilo halipo, na mwenye pupa hupenya pasi na kuona soni, akisahau kwamba nyuma ya usukani usio na mtu huenda amekaa mzee aendaye hospitali.

Usiku wa tarehe 2 Oktoba 2023, mjini San Francisco, gari lililoendeshwa na binadamu lilimgonga mwanamke aliyekuwa akivuka barabara, likamtupa mbele ya gari la kampuni ya Cruise lisilo na dereva; yule binadamu alikimbia, na ile mashine, baada ya kumgonga na kusimama, ikaondoka tena kwenda kuegesha kando kama ilivyofunzwa, ikamburuta majeruhi yapata mita 6. Mmoja alijua, asibaki. Mwingine alibaki, asijue. Mimi naona kwamba haya iliyoondoka kwenye usukani haina budi kubebwa na wenye gari, kwa ukamilifu wake, kana kwamba wao wenyewe ndio walioketi pale. Na Novemba 2024 kampuni hiyo ilikiri kwamba taarifa iliyoipelekea serikali haikutaja kuburutwa kule, ikatozwa faini ya dola 500,000. Faini hiyo ni ndogo kwa wenye mali; lakini kukiri kule, ambako kulidaiwa tangu usiku uleule, kulichelewa mwaka na zaidi.