Msiba Unaopanda

Msiba wa kawaida huanza kwa kishindo. Siku ya kwanza nyumba imejaa vilio na hakuna anayekumbuka chakula. Matanga yakianuliwa watu wanarudi makwao, na ikifika arobaini mfiwa ameanza tena kujibu utani. Wayahudi nao humwomboleza maiti wao kwa mtiririko huo: siku 7 za kukaa chini nyumbani, kisha hadi siku 30 zenye nafuu kidogo, na aliyefiwa na mzazi huendelea mwaka mzima.

Upo msiba mmoja, hata hivyo, wanaouendea kinyumenyume. Ni msiba wa Hekalu la Yerusalemu. La kwanza lilibomolewa na Wababeli mwaka 586 kabla ya Kristo, la pili likachomwa na Warumi mwaka 70, na mapokeo yanayakumbuka maangamizi yote mawili tarehe 9 ya mwezi wa Av, Tisha B'Av, katikati ya kiangazi. Nani atalala salama leo, kesho aamke akililia jengo ambalo hata babu wa babu yake hakuliona? Machozi ya namna hiyo hayaji yenyewe. Huandaliwa.

Maandalizi huanza wiki tatu kabla, tarehe 17 ya mwezi wa Tamuzi, kwa saumu ya kukumbuka kuta za mji zilipotobolewa. Kuanzia hapo Wayahudi wa kimapokeo wenye asili ya Ulaya Mashariki hawafungi ndoa, hawanyoi, hawasikilizi muziki. Mwezi wa Av ukiandama, nyama na divai huondoka mezani isipokuwa siku ya Sabato, na nguo iliyotoka kufuliwa haivaliwi. (Wenye busara zao huyavaa mashati yote safi kwa dakika chache kabla ya mwezi kuingia, yasihesabiwe kuwa yametoka kufuliwa. Cheka ukitaka; mimi naona ni watu wanaoichukulia sheria kwa uzito.) Wengi wa Wayahudi wa asili ya Uhispania na nchi za Kiarabu huyaanza masharti makali wiki yenyewe ya saumu tu.

Jioni ya kuamkia saumu mlo wa mwisho ni mkate na yai la kuchemsha, vikichovywa majivu, na mlaji ameketi chini. Jua likizama, hakuna chakula wala maji hadi usiku wa kesho yake. Viatu vya ngozi huvuliwa, ndiyo maana utamkuta mzee ndani ya suti na raba za kitambaa. Sinagogi hupunguzwa taa, kitabu cha Maombolezo kinasomwa watu wakiwa sakafuni. Na hawasalimiani. Asiyejua akikusalimu, unamjibu kwa sauti ya chini, basi. Kwetu sisi tusioweza kupita mlangoni pa mtu bila kumjulia hali, sharti hili linaweza kuwa gumu kuliko njaa.

Ugumu huo wote unamfikisha mtu kwenye swali: Hekalu la pili lilianguka kwa nini? Marabi wa Talmudi, kitabu kikuu cha mafundisho ya Kiyahudi, walijibu kwamba ni chuki isiyo na sababu. Walisimulia kisa cha mtu aliyemtuma mtumishi amwalike karamuni rafiki yake Kamtza, mtumishi akamleta adui, Bar Kamtza. Mgeni aliomba asiaibishwe. Akajitolea kulipia chakula chake, kisha nusu ya karamu, kisha karamu nzima. Mwenyeji akamkamata mkono akamtoa nje. Wanazuoni walikuwepo, wakanyamaza. Kwa uchungu Bar Kamtza akaenda kuwachongea Wayahudi kwa Warumi. Nawaheshimu watu wanaoulilia moto uliowashwa na jeshi la kigeni, kisha wakaanza kwa kuilaumu meza yao wenyewe.

Adhuhuri ya siku ya saumu watu huinuka sakafuni na kukaa vitini. Nyama na divai husubiri hadi adhuhuri ya tarehe 10, kwa kuwa moto uliendelea kuteketeza siku hiyo. Na masomo ya manabii yanayosomwa sinagogini yana hesabu yake: kabla ya saumu, Sabato 3 za maonyo, baada yake, Sabato 7 za faraja.