Mwendo Unaopungua, Noti Zinazozidi

Mwendo ukipungua, je, wakati hubaki mtupu? Wapiga gamelan, muziki wa kundi la ala za kugonga, wa Java ya Kati hujibu kwa mikono.

Mpiga kendang, ngoma inayoongoza, akipunguza mwendo, noti za wimbo wa msingi huachana. Peking, ala ndogo ya shaba yenye sauti ya juu, haikai ikisubiri. Ilipokuwa ikipiga mara 1 kwa kila noti ya msingi, sasa hupiga 2, kisha 4, 8, hata 16. Ngazi hizo huitwa irama. Anayefuata upatu mkubwa atasema muziki umetulia. Anayefuata gambang, marimba ya mbao, atasema unakimbia. Wote wawili wamesikia sawasawa.

Katika wimbo wa Ketawang Puspawarna, uliobebwa angani na vyombo vya Voyager mwaka 1977, upatu hufunga kila mzunguko wa mapigo 16. Mtafiti Mmarekani Judith Becker alihusisha mizunguko ya namna hii na kalenda ya Kijava, ambamo juma la siku 5 na la siku 7 hukutana kila baada ya siku 35. Hoja nzito, ila mzunguko peke yake hautoshi kueleza wakati: irama ikipanda, mapigo yaleyale 16 hudumu muda mrefu zaidi, na Wajava bado huyahesabu kuwa gongan moja, yaani mzunguko mmoja wa upatu.